Wataalamu wa Saba ya Uru

Benchi lenyewe lilikuwa refu kuliko busara za waliolikalia, na hilo si tusi, ni vipimo: mbao mbili za futi nane zilizopigiliwa juu ya matofali na kuegemezwa kwenye ukuta wa duka la kuchonga funguo, mahali ambapo kivuli hufika saa tisa alasiri na birika la Shangazi, muuza kahawa, hufika dakika tano kabla yake. Hapo matatizo ya dunia yalitatuliwa kila siku ya kazi, bila malipo na bila matokeo. Mwisho wa kulia alikaa Wakili, ambaye kazi yake ni kuwajazia watu fomu nje ya ofisi ya ardhi, na ambaye mahakamani aliingia mara moja tu, kama mshtakiwa, kwa kesi ya baiskeli. Katikati alikaa Kocha, kinyozi, ili asikike pande zote mbili. Timu aliyowahi kuifundisha haijulikani hadi leo. Shemeji, dereva wa lori la saruji, alikaa popote palipobaki. Na mwisho wa kushoto, karibu na birika, ndipo palipokuwa mahali pa Lifti.

Lifti alikuwa fundi wa lifti, na jina hilo la kijiweni lilikuwa limeshammeza mzima mzima. Hata mkewe alimwita hivyo siku alizokuwa na furaha naye. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na ishirini na sita kati ya hiyo ilikuwa imepita kwenye mashimo ya majengo marefu, peke yake, tochi kinywani, akisikiliza nyaya. Kazi hiyo humfundisha mtu mambo mawili: kungoja, na kutoonyesha wasiwasi mbele ya mwenye jengo. Ni katika kungoja vipuri ndipo alipojifunza poka kwenye simu, ile ya kucheza bure, mwaka baada ya mwaka, hadi akaanza kuwashinda watu asiowajua na wasiomjua.

Kisha hoteli ya pale kwenye mzunguko ikatangaza mashindano ya poka katika ukumbi wake wa juu. Lifti mbili za hoteli ile alikuwa amezihudumia miaka kumi na miwili, akiingia kwa mlango wa nyuma, kando ya mapipa ya taka. Akajiandikisha. Jumamosi asubuhi alipiga pasi shati lake la bluu, akaingia kwa mlango wa mbele, na bawabu akamwuliza kwa upole ni lifti ipi iliyoharibika. Wachezaji walikuwa mia mbili themanini na sita. Kufika Jumapili alasiri walibaki kumi, naye akiwa mmojawapo. Meza ya mwisho, ile ya jukwaani, ilikuwa ya watu tisa.

Jumatatu kijiwe kizima kilikuwa kimeshaona matokeo kwenye ukurasa wa hoteli. Lifti alijua kinachomngoja, akaenda vilevile. Mtu hahami kijiwe kwa sababu ya karata moja.

— Wa kumi — Wakili alianza kabla mwenzake hajakaa vizuri. — Viti tisa, wewe wa kumi. Yaani umetembea siku mbili nzima, umefika mlangoni, umekuta kufuli.

— Lifti imepanda ghorofa zote — Kocha akadakia — imekwama ilipobaki moja.

Walicheka. Lifti naye akacheka kidogo, kwa kuwa utani ule alikuwa ameutarajia tangu anapiga mswaki, na cheko lake alikuwa amelitayarisha mapema.

— Kunywa, mwanangu — Shangazi akamwambia, akimmiminia hadi ukingoni. — Hawa wanakusema kwa sababu wewe umekuwa wa kumi. Wao hata wa mia mbili themanini na saba hawakuwa.

Walimtaka aeleze ilivyokuwa, akawaeleza kwa maneno machache kama kawaida yake. Katika mchezo ule kila mtu hupewa karata mbili za siri, halafu tano hufunuliwa katikati ya meza kwa ajili ya wote. Walikuwa wamebaki kumi, meza mbili za watano watano. Akafunua pembe za karata zake, akakuta ree mbili, ya kopa na ya shupaza, na hakuna karata mbili duniani zinazozidi hizo. Akasukuma mbele zile sarafu za plastiki wanazoziita chipu, zote. Wengine wakajitoa. Mama mmoja aliyekaa mkabala naye, ambaye kwa siku mbili alikuwa amesema labda maneno kumi, akafikiri kidogo, akasukuma na zake. Alikuwa na saba mbili.

Karata tatu za kwanza zikafunuliwa: hakuna saba. Ya nne: hakuna saba. Zilibaki karata arobaini na nne ambazo hakuna aliyeziona, na katika hizo, mbili tu ndizo zingeweza kumdhuru. Mgawaji akafunua ya tano. Saba ya uru.

— Basi — alisema Lifti. — Nikampa mkono, nikaondoka.

Hakuwaambia yote. Hakuwaambia kwamba wakati wa mapumziko alikuwa amemwona msaidizi wa waandaaji akipanga vibao vya majina kwa ajili ya jukwaani, na kwamba vilikuwa kumi, kwa tahadhari, na kimoja kilikuwa chake: jina lake, la baba yake na la babu yake, yote matatu kwa mstari mmoja, kitu ambacho hakukiona kimeandikwa tangu cheti cha ndoa. Baada ya ile saba, msaidizi alikichukua kile kibao na kukichomeka chini ya vingine, taratibu, bila kumtazama mtu.

Wala hakuwaambia kwamba aligeuka nyuma.

Nyuma ya kila mchezaji, ng'ambo ya kamba, palikuwa na viti vya watu wake. Kuingia kulikuwa bure. Ijumaa, akiwa amekaa mahali hapa hapa, Lifti aliwatajia saa na ghorofa, akawaambia kwa aibu kidogo kwamba angefurahi kuona sura anazozijua. Wote watatu waliapa. Jumamosi hakutokea mtu. Jumapili saa kumi alasiri simu yake ilipokea ujumbe wa Kocha: «Tuko njiani.» Toka kijiweni hadi hotelini ni mwendo wa robo saa kwa mguu, na hiyo ni kwa mtu mwenye kiatu kibovu. Mkewe, mshona mapazia, alikuwa kwa dada yake aliyejifungua, na alipiga simu kila mapumziko, kwa hiyo huyo hana lawama. Lakini vile viti vya nyuma yake vilikaa vitupu siku mbili, hadi mfanyakazi wa usafi akaona kimoja kinafaa kuwekea ndoo.

Kocha ndiye aliyefungua mjadala wa kitaalamu.

— Kosa lako ni kusukuma zote kwa mpigo. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo.

— Hiyo inamwambia asingoje — alisema Shangazi.

— Subiri nimalize, Shangazi. Angengoja, tumbo lingemuuma. Lingemuuma, angekwenda chooni. Akiwa chooni, ile saba inatoka, inamkosa, inampata mwingine. Huo ndio mchezo wa kisasa. Unacheza bila mpira.

Wakili alitikisa kichwa kwa huruma, kama anavyowatikisia watu waliojaza fomu kwa kalamu nyekundu. Alisema suala si mbinu, suala ni mazingira. Mchumia juani hulia kivulini. Sasa mwenzetu alichumia kivulini, tena penye kiyoyozi, alitegemea nini zaidi ya kuja kulia juani?

— Hulia hapo ni kula — Shangazi akamsahihisha. — Si kutoa machozi.

— Kisheria lina tafsiri mbili.

Na kwa kuwa hakuna aliyemzuia, Wakili akaingia ndani zaidi. Alieleza kwamba karata hutengenezwa kiwandani, na kiwanda kina wenyewe. Wino mwekundu ni mzito kuliko mweusi, kila mpiga chapa anajua. Saba ya uru ina alama saba nyekundu. Kwa hiyo karata ile ni nzito, hushuka chini ya pakiti kila inapochanganywa, na mgawaji mwenye mazoezi anajua kwa kidole itapanda lini.

— Na nane ya uru? — Shangazi akauliza. — Si ndiyo nzito zaidi?

— Nane haikuwa na maslahi.

Lifti alikunywa kahawa yake. Ukweli ni kwamba usiku wa kuamkia siku ile hakulala vizuri, na kilichomnyima usingizi kilikuwa kitu kilekile kilichowatesa hawa, ila yeye alikitafuta kimyakimya. Katika kazi yake lifti haikwami hivihivi. Kuna nati iliyolegea, kuna waya uliochakaa, kuna mtu aliyejaza kupita kiasi. Ukitafuta utapata, na ukipata utakaza, na kesho haitakwama. Alikuwa ameirudia ile karata kichwani tangu mwanzo hadi mwisho, mara thelathini pengine, akitafuta nati. Hakuiona. Alikuwa amefanya kila kitu sawasawa, na bado akawa wa kumi. Ingekuwa heri angekosea.

Shemeji alikuwa amenyamaza muda mrefu, jambo ambalo kwa kawaida huleta maafa. Sasa akageuka, akamwekea mume wa dada yake mkono begani.

— Shemeji yangu, mimi nitakuambia ukweli kwa sababu mimi ni ndugu. Ukumbi ule uko juu ya shimo la lifti. Ndiyo au siyo?

— Uko kando yake.

— Juu, kando, ni hapo hapo. Wewe mwenyewe ulinifundisha: lifti ikipanda, upande wa pili kuna mzani unashuka. Siku ile watu mia mbili walikuwa wanapanda. Sasa jiulize, upande wa pili kilikuwa kinashuka nini?

Akanywa funda moja la kahawa.

— Bahati ya mtu aliyekaa karibu na shimo — Shemeji akahitimisha. — Na nani aliyebadilisha nyaya mwezi uliopita ili mzani ushuke vizuri zaidi? Wewe. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Hata Wakili alikiri kwamba hoja ina uzito. Kocha, ambaye hakupenda kufungwa kwenye uwanja wa nyumbani, akasema yeye angekubali habari ya shimo, lakini mbele ya shimo kulikuwa na mtu. Akaanza kumchambua yule mama wa saba mbili. Alisema alivyomwona yeye, mwanamke yule hakuwa mtu wa kawaida. Wakili akasema hata yeye alimwona hivyo. Shemeji akasema alimshtukia tangu alivyokaa.

Lifti aliyasikia yale maneno, nilimwona, alimwona, alimshtukia, yakipita mbele yake moja moja kama watu wenye suti wanaoingia kwa mlango wa mbele. Angeweza kuyakamata. Alitazama barabarani.

Ndipo alipomwona yule mama mwenyewe akivuka, mkononi ana mfuko wa plastiki.

Alikuwa mfupi, mnene kiasi, wa miaka hamsini na kitu, amevaa viatu vyeupe vya watu wanaofanya kazi wamesimama. Alipofika aliwasalimia wote. Shangazi akamkaribisha na kumuuliza kama anakunywa kahawa, naye akasema anakunywa. Macho yake yalikutana na ya Lifti. Alifungua mdomo ili aseme lililomleta, lakini kwenye benchi lile mgeni haanzi yeye.

— Karibu, dada, umekuta tunazungumza jambo zito — Kocha alimwambia, akimsogezea nafasi. — Mwenzetu huyu jana kaonewa kwenye mashindano ya karata. Alikuwa na ree mbili, katolewa na mwanamke mwenye saba.

— Maskini — alisema mama yule, akakaa.

— Mwanamke mwenyewe si wa mchezo. Mrefu, miwani myeusi tii, kucha hizi hapa.

Mama alizitazama kucha zake, zilizokatwa hadi kwenye nyama.

— Alikuwa na miwani?

— Ndani ya ukumbi, tena! — akasema Wakili. — Na kila saa anamtazama mgawaji. Sisi tukatazamana, tukajua hapa kuna namna.

Mama aliuliza tena, kwa sauti ya mtu anayejaza kadi ya mgonjwa, kama mwanamke huyo alikuwa mshindani mzuri. Shemeji akamjibu kwamba hapana, alikuwa na mtu nyuma yake aliyekuwa akimpa ishara kwa kukohoa. Wakili akaongeza kwamba alikohoa mara saba. Lifti aliinamia kikombe chake. Uso wake haukusogea, lakini hakuwa na hakika kama anachokizuia ni hasira au kicheko.

Mama alikunywa kahawa yake hadi nusu, akaweka kikombe chini, akatoa sweta la kijivu kwenye mfuko na kumkabidhi Lifti.

— Uliliacha kitini, kaka. Bawabu ndiye aliyenielekeza huku.

Lifti alijua alikoliacha. Hakuwa amepata moyo wa kulifuata. Alishukuru, akalikunja juu ya magoti yake.

— Zile saba zilikuwa zangu — mama akawaambia wale wengine, bila ubaya wowote. — Mimi ni mkunga pale zahanati ya nyuma ya soko. Sina miwani.

Upepo ulipeperusha karatasi moja barabarani, na wanaume watatu waliifuatilia kwa macho kana kwamba ina anwani zao.

Mkunga hakuwajali. Alimgeukia Lifti, akamwambia alichokuja kusema, na sweta lilikuwa kisingizio tu. Alisema alitoka wa nane, saa moja baadaye, kwa namna hiyo hiyo: alikuwa mbele hadi karata ya mwisho. Alipofika nyumbani alikaa jikoni bila kuvua viatu, akamkumbuka yeye. Jinsi alivyosimama, akampa mkono, akamwambia amecheza vizuri.

— Na mimi sikuwa nimecheza vizuri — alisema. — Nilikuwa nimechoka. Nilitaka iishe, kwa vyovyote. Wewe ndiye uliyecheza. Nimekaa vyumba vya kuzalia miaka thelathini, kaka, nimeona watu wakifanya kila kitu sawasawa, na isiwe. Huwa wanataka niwaambie walikosea wapi. Huwa sina la kuwaambia. Kwa hiyo nimekuja kukuambia wewe, kwa sababu kwako nilikuwepo: hukukosea.

Lifti aliitikia kwa kichwa. Kisha akajifanya anatafuta sukari ambayo huwa haitumii. Shangazi akamsogezea bakuli kimya. Neno moja tu, hukukosea, na tangu jana alikuwa akilikimbia. Sasa alipolisikia kwa mtu mwingine aliona linaweza kubebeka.

Hapo Mkunga akaligeukia benchi tena. Hakuwa na nia ya kumkomoa mtu. Alionekana anataka kujua kweli.

— Lakini ninyi niwaulize. Mimi nilikaa mkabala na huyu siku ya pili nzima, viti vya nyuma yake nilikuwa navitazama kila nikiinua macho. Niliona ndoo. Nikajiambia, mtu huyu hana watu. Ninyi mlikuwa mmekaa wapi?

Kocha alikohoa. Shemeji akachungulia ndani ya kikombe, akakuta hakuna jibu, akachungulia tena. Wakili, ambaye hajawahi kukosa neno tangu kesi ya baiskeli, alifungua mdomo na kuufunga. Shangazi alisimama na birika lake mkononi, akawatazama mmoja baada ya mwingine, na usoni mwake kulikuwa na starehe ya mwanamke aliyengoja miaka mingi.

Lifti aliwaacha. Hakuwaacha kidogo. Aliwaacha kwa muda ule anaowaacha wenye majengo waliokataa kubadilisha nyaya, wakiwa wamekwama kati ya ghorofa ya nne na ya tano, hadi wasikie vizuri jinsi kulivyo kimya mle ndani. Kisha, bila haraka, akasema:

— Walikuwa nyuma ya nguzo.

Mkunga alimtazama.

— Kuna nguzo kubwa upande ule — Lifti akaendelea. — Mtu akikaa nyuma yake haonekani.

Ukumbi ule hauna nguzo hata moja. Umejengwa hivyo makusudi, na watu huukodi kwa harusi kwa sababu hiyo hasa, kwamba kila mwalikwa anamwona bibi harusi. Lifti anaujua tangu unapigwa plasta. Mkunga naye alikuwa amekaa humo siku mbili. Alimchunguza usoni kama alivyomchunguza Jumapili, akitafuta kama macho yatacheza. Hayakucheza.

— Ahaa — alisema Mkunga polepole. — Ndiyo maana sikuwaona.

Pumzi zilishuka benchi zima. Wakili ndiye aliyepona wa kwanza. Akajinyoosha, akarekebisha kola yake, na rangi ikamrudia.

— Nguzo yenyewe nene, dada — alisema. — Siku nzima tunachungulia. Nilimwambia Kocha tuhame, akakataa.

— Ningehamaje — Kocha akasema — na pale ndipo penye pembe nzuri?

Shemeji akasema shingo yake hadi sasa inamuuma.

Mkunga aliinua kikombe akakiweka mdomoni, akakiacha pale muda mrefu kuliko kahawa iliyokuwemo. Lifti alivaa sweta lake, ingawa jua lilikuwa kali bado, akamwomba Shangazi kikombe cha pili, na akawauliza wenzake ile nguzo waliionaje, ilikuwa ya rangi gani.